Koti la Fundi Saa

Mama Sabuni alikuwa ameyapanga maneno yake tangu Jumatatu. Angemngoja Mchungaji amalize sala ya kufungua, angemvuta pembeni karibu na stoo, na kumwambia kwamba mwisho wa mwezi anaacha. Miaka sita inatosha. Magoti yalikuwa hoi, vidole vimepasuka kwa sabuni, na kusema kweli hata moyo ulikuwa umechoka. Hilo la moyo hakupanga kulisema, maana Mchungaji angemwombea papo hapo, naye angeona haya kuacha.

Kanisa lao lilikuwa na huduma kwa watu wasio na makazi, kila Alhamisi asubuhi. Waliolala kwenye baraza za maduka na chini ya daraja walifika saa mbili, wakapewa chai na mkate, neno fupi la Mungu, na bafu lenye maji ya moto. Nguo zao zilikuwa kazi ya Mama Sabuni. Alikuwa amefanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali kwa miaka thelathini na mmoja, na alipostaafu Mchungaji hakumpa hata wiki moja ya kupumzika. Mtu alivua nguo zake bafuni, akavaa joho kuukuu la kwaya mpaka zifuliwe na zikauke. Ukipita uani mwa kanisa saa nne hivi, ungewakuta watu kumi na tano wamekaa juani na majoho mekundu yenye kola nyeupe, wanakunywa chai, kama kwaya iliyogoma kuimba. Wageni walicheka. Wenyewe walishazoea, na ugomvi wao mkubwa ulikuwa ni nani apate joho lenye mifuko.

Uchafu haukumtisha. Mtu aliyefua mashuka ya wodi ya wazazi hatishwi na soksi za mtu yeyote. Kilichomchosha ni kwamba shati alilolitoa jeupe Alhamisi hii lilimrudia Alhamisi ijayo vilevile, na ndani yake mtu yuleyule, na shida zake zilezile. Zamani alikuwa akiwaombea mmoja mmoja huku anakamua. Siku hizi alikamua tu, na kuhesabu vipande vilivyobaki. Alijichukia kwa hilo, lakini kujichukia hakukumpa nguvu za kufua.

Sasa, Alhamisi hiyo Mchungaji akachelewa. Mama Sabuni, maneno yamemjaa mdomoni na hana wa kumtolea, akaenda kukusanya nguo kwa hasira. Kwenye msumari wa mlango wa bafu akaliona koti la Fundi Saa.

Fundi Saa alikuwa mzee mwembamba, mkimya, aliyewahi kutengeneza saa za watu mpaka pombe ilipomtetemesha mikono. Pombe alikuwa ameiacha, ila nyumbani hakurudi. Kila Alhamisi alitoa shati, akatoa suruali, lakini koti aliingia nalo bafuni na kutoka nalo. Miezi minane Mama Sabuni alikuwa akilinyemelea koti hilo. Lilikuwa la kijivu, ingawa mtu alihitaji imani kulijua hilo. Leo mwenyewe alikuwa amelisahau kwa nje, na maji yalikuwa yakisikika ndani.

Angeweza kugonga mlango na kuomba. Hakugonga. Alilichukua, akalizamisha kwenye beseni, na maji yakageuka meusi mara tatu. Alipoligeuza ndani nje aliona michirizi ya buluu kwenye bitana, upande wa kifuani. Miwani alikuwa ameiacha stoo, lakini wino alikuwa anaujua hata gizani, ni adui yake wa zamani. Kalamu imemvujia, alisema moyoni. Akaleta spiriti, akaleta brashi, akausugua kwa raha. Ilikuwa raha yake ya kwanza wiki hiyo.

Fundi Saa alitoka bafuni na joho lake jekundu, akauona msumari mtupu, kisha akaliona koti kwenye kamba. Alitembea polepole hadi pale. Akaweka kiganja kwenye bitana, akakiacha hapo.

"Ilikuwa hapa," alisema.

"Nini, Fundi?"

"Namba ya mwanangu."

 Mama Sabuni akauliza kwa sauti ndogo kama hana mahali pengine alipoiandika. Hakuwa napo. Simu aliibiwa mbili, karatasi zililowa. Binti yake aliiandika mwenyewe ndani ya koti siku ile baba alipoondoka nyumbani, kwa tarakimu kubwa, ili isipotee.

"Na kichwani? Hebu jaribu, Fundi."

"Sikuiweka kichwani, mama. Kichwa changu siku zile hakikuwa mahali pa kuweka kitu."

Mama Sabuni alikimbilia miwani. Mfuko wa ndani ulikuwa umeufunika mwanzo wa namba, na chini yake tarakimu nane zilikuwa zimesalimika, zimepauka lakini zinasomeka. Mbili za mwisho zilikuwa zimetoka kabisa. Kazi safi, msimamizi wake wa hospitali angeisifu. Alizinakili zile nane kwenye kipande cha kitambaa. Fundi Saa alivaa nguo zake mbichi, akalikunja joho vizuri, akaliweka kwenye benchi na kuondoka bila kunywa chai. Hakumtukana. Mama Sabuni angeona nafuu kama angemtukana.

Mchungaji alipofika alikuta uwanja mzima umenyamaza. Alisikiliza habari yote, akamshika bega. "Ulifanya kwa nia njema," alisema.

"Nia njema haina namba ya simu, Mchungaji."

"Shemasi aliniambia una neno la kunieleza leo."

"Litangoja," akajibu, na akaenda kumwaga maji ya beseni. Aondoke vipi sasa? Angekuwa mtu aliyemfutia mwenzake mtoto, kisha akafunga virago vyake.

Nyumbani aliishi na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwanamke mwenye ulimi wa wembe na moyo ambao aliuficha kwa bidii. Wifi alimkuta mezani jikoni, kalenda ya mwaka jana imepinduliwa upande mweupe, anaandika kuanzia sifuri sifuri hadi tisini na tisa.

"Unafanya nini, wifi?"

"Tarakimu mbili zimepotea. Zinaweza kuwa mia moja tu. Nitapiga zote."

"Mia moja tu," wifi alisema. "Hospitali imekustaafisha ufuaji, sasa umejiajiri uopereta."

Alipiga kila alasiri baada ya kuosha vyombo, namba sita sita. Alikuwa na sentensi moja aliyoikariri: samahani kwa usumbufu, namtafuta binti ambaye baba yake alikuwa fundi wa saa. Jibu likiwa hapana, aliweka alama ya mkasi. Namba isiyopatikana, nukta. Aliyemkatia simu, duara.

Hakujua kama watu wana upweke kiasi hicho, wala kama wana ukali kiasi hicho. Bwana mmoja alimwambia matapeli wa siku hizi wamekosa hata aibu ya uzee. Mwanamke mmoja hakuwa na baba fundi saa ila alikuwa na mgongo, akauelezea nusu saa, na mwisho akaomba aombewe. Mama Sabuni alimwombea huku macho yanafumba kwa uchovu. Mwingine alisema baba yake alikuwa dereva na amefariki, je, hawezi kuwa ni yeye? Baada ya huyo alifunga simu, akalala siku hiyo saa moja jioni bila kula.

Siku ya saba sauti ilimkauka. Wifi alimnyang'anya simu bila kuombwa, akavuta kiti, na kuanza: "Samahani kwa usumbufu, mimi ni opereta msaidizi."

Alhamisi mbili zilipita. Fundi Saa hakuonekana. Wengine walikuja, wakanywa chai, wakaoga, na wakatoka wamevaa nguo zao chafu zilezile. Mmoja alimwambia bila ubaya wowote, "Mama, humu ndani mna mambo yangu." Majoho yakabaki yametundikwa, na Mama Sabuni akakaa kando ya karo kavu, akiona jinsi mtu anavyoweza kuchoka bila kazi kuliko akiwa nayo. Pumziko alilokuwa akilitamani ndilo hilo sasa, na lilimkaba.

Orodha ikaisha, wala binti hakupatikana. Ilikuwa Jumapili mchana, wametoka ibadani. Mama Sabuni aliitazama kalenda, nukta kumi na nne na maduara sita, akasema imetosha, nimeshindwa. Machozi yalimtoka na hakuyaficha.

Wifi alivuta kalenda. "Hawa waliokata, walisema nini kabla ya kukata?"

"Matusi. Wote matusi. Isipokuwa huyu wa arobaini na moja. Huyu alinyamaza kwanza, akauliza nani amenituma, akakata."

"Asiye na baba fundi saa anasema hana," wifi alisema. "Huyu hakusema hana. Piga."

Simu iliita hadi karibu kukatika.

"Usikate, mwanangu," Mama Sabuni alisema haraka. "Sitaki kitu kwako. Mimi nafua nguo kanisani kwetu, na nimeharibu koti la mtu."

 Upande wa pili cherehani ilikuwa inakwenda, kisha ikasimama.

"Koti la rangi gani?" sauti iliuliza.

"Kijivu. Lina mfuko wa ndani."

"Niliandika chini ya mfuko," binti alisema. "Nikaendelea hadi nje, maana niliandika kubwa."

Mama Sabuni alimweleza yote, hata la kutogonga mlango. Binti hakumkatiza. Alipoulizwa kama angependa kumwambia baba yake neno, cherehani ilikwenda tena kidogo, ikasimama.

"Miaka minne hajapiga hata mara moja," alisema. "Nimehama nyumba mara mbili. Nimeolewa. Mwambie sijabadilisha namba. Usimwambie kingine."

Alhamisi iliyofuata Fundi Saa alikuja. Njaa ilikuwa imemleta, alisema mwenyewe, na alikaa benchi la mwisho kabisa, koti limefungwa vifungo hadi shingoni. Mama Sabuni alitoka stoo na kalamu mkononi. Ilikuwa kalamu ya wino mweusi iliyotumika hospitalini kuandika jina la wodi kwenye mashuka, wino usiotoka kwa sabuni wala dawa wala kuchemshwa. Alipostaafu wenzake walimpa zawadi ya saa ya ukutani. Kalamu hakupewa na mtu.

"Naomba koti, Fundi."

"Koti silifui tena, mama."

"Hata mimi silifui. Nataka kuandika."

 Fundi Saa akavifungua vifungo kimoja kimoja, akampa, lakini pindo moja akaendelea kulishika. Mama Sabuni alivaa miwani mbele yake, ili aione. Akalitandaza koti juu ya goti, akaandika tarakimu zote kumi, kubwa, akizitamka moja moja. Alipofika kwenye nne na moja, Fundi Saa aliliachia pindo.

"Ulimpata."

"Nilimpata."

"Alisema nini?"

"Alisema hajabadilisha namba."

Fundi Saa aliinamisha kichwa. Wale wa benchi la mbele walijitia hawasikii, na vikombe vyote vilikuwa vimetulia.

"Hakusema kingine?"

"Alisema nisikwambie kingine."

Mzee alitoa kicheko kifupi, kisha akajifuta uso kwa kiganja, juu hadi chini. "Ndiye mwenyewe huyo," alisema. "Ndiye kabisa."

Mama Sabuni alitoa simu yake mfukoni, akamnyooshea. Fundi Saa aliitazama, akaangalia mikono yake mwenyewe, ambayo haikutulia hata sasa. Akatikisa kichwa.

"Si leo, mama."

Mama Sabuni alitaka kumgombeza. Wiki tatu za kuitwa tapeli, sauti imekauka, na mtu anakwambia si leo. Alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa, na alijua kwamba pengine Alhamisi ijayo pia jibu litakuwa hilohilo, na inayofuata. Mchungaji alikuwa amesimama hatua chache tu, karibu na stoo, pale pale alipopanga kumvuta pembeni.

"Haya," alisema, na kuirudisha simu mfukoni. "Alhamisi ijayo nipo."

Fundi Saa aliisoma namba, midomo ikicheza bila sauti. Kisha akavua shati lake, akampa. Koti akalivaa tena juu ya kifua kitupu, akafunga vifungo vyote.