Skrini Nyeusi ya Mhariri

Skrini ya mhariri huyu ilikuwa nyeusi kutwa nzima, na mwenyewe alitaka hivyo. Alikuwa haoni tangu utotoni. Kompyuta aliiendesha kwa kibodi tu, na programu ya kusoma skrini ilimsomea kila kitu sikioni, kwa kasi ambayo wewe na mimi tungeisikia kama mchele unaomwagika. Sauti hiyo aliipa jina la Kasuku. "Skrini niiwashe, nimwonyeshe nani?" aliwatania wenzake. Wakacheka, wakazoea. Asiyezoea bado alikuwa mtangazaji mpya, bwana mmoja mwenye sauti tamu na mikono isiyotulia.

Jumapili hiyo walikuwa wawili tu kwenye kituo cha redio, na taarifa ya mchana ilikuwa imekaribia. Mhariri akawa anaipitia kwa mara ya mwisho, mshale wa chini, mshale wa chini, Kasuku akisoma mstari baada ya mstari: soko jipya, bei ya mafuta, mitihani ya shule. Mwishoni, kabla ya hali ya hewa, akakuta habari ambayo mwandishi wa nje alikuwa ameichomeka punde tu. Lori limepinduka mteremkoni. Dereva amefariki dunia papo hapo. Kisha jina lake, majina yote matatu.

Lilikuwa jina la shemeji yake, mume wa mdogo wake.

Kasuku alilisoma vilevile alivyosoma bei ya mafuta. Mdogo wake alikuwa nyumbani na mtoto mchanga, redio iko wazi, maana hakosi taarifa hata moja iliyopita mikononi mwa dada yake. "Naisikiliza kazi yako," husema kwa majivuno, utadhani dada ndiye anayetangaza.

Kabla ya kuifuta habari ilibidi ahakikishe. Akavua hedifoni, akanyakua simu, akapapasa ukuta hadi kwenye dirisha la korido, mahali pekee penye mtandao wa kuaminika. Akampigia shemeji. Simu ikaita mpaka akakata tamaa, kisha ikapokewa.

"Shemeji! Nipo hospitali, wananifunga mkono."

"Upo hai?"

"Sasa unaongea na nani? Nipo hai. Aliyelala pale barabarani ni lori, si mimi."

Alicheka kwa furaha, lakini furaha yenyewe haikukaa. Alipompigia mdogo wake, simu haikupatikana. Chaji imekwisha, kama kawaida yake. Na kabla hajaita "Mtangazaji!", spika ya koridoni ikaanza kupiga muziki wa taarifa ya habari.

Akaukimbilia mlango wa studio, akaupiga ngumi. Ulikuwa umefungwa kwa ndani, umejazwa sponji ili kelele zisipite, na siku za Jumapili mtangazaji aliendesha mitambo peke yake, masikio yamezibwa. Ikabaki njia moja. Chochote ambacho mhariri angefuta na kuhifadhi kwenye kompyuta yake kingefutika papo hapo kwenye skrini ya studio, mbele ya macho ya msomaji.

Akarudi mezani, akavaa hedifoni, akabonyeza mshale. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya kitupu, hata feni ya mashine haikuvuma.

Mtangazaji alikuwa amepita hapo akielekea studio. Alipoona skrini nyeusi, akadhani mashine imelala, akaking'ang'ania kile kitufe kikubwa ili amwamshie dada wa watu. Akaizima kabisa, akaenda zake roho kunjufu. Kuna watu ambao wema wao unahitaji kufungiwa kabatini.

Mhariri akaiwasha. Spikani, soko jipya lilikuwa linafunguliwa. "Amka, amka, amka," aliiambia mashine. Akaandika neno la siri bila kusikia kitu, akaomba asiwe amekosea herufi. Bei ya mafuta ikapanda. Hatimaye Kasuku akafufuka, na la kwanza kumwambia ni upuuzi: kompyuta haikuzimwa vizuri, je, angependa kutuma ripoti? Akaruka hadi kwenye "Hapana". Akaingia. Folda. Taarifa ya mchana. Vidole vilikuwa vinaijua njia.

Spikani, mitihani ya shule ikaisha.

Kushuka mstari kwa mstari kungemchelewesha, kwa hiyo akafungua kisanduku cha kutafuta na kuliandika jina la shemeji yake, ili aikute habari ya kifo chake. Kasuku akatua juu yake. Akapanda hadi mwanzo wa aya, akashikilia kitufe cha kuchagulia, akashusha mshale.

"Lori limepinduka, imechaguliwa," Kasuku alimwambia katika sikio moja. Sikio la pili alikuwa ameliacha wazi, na humo sauti tamu ya spikani ilikuwa imeshaanza: "Na habari iliyotufikia hivi punde. Lori limepinduka leo mteremkoni. Dereva wa lori hilo..."

Akafuta. Akahifadhi.

Redio ikanyamaza. Kipanya kikasikika kikibofywabofywa. Mtangazaji akakohoa, akasema hali ya hewa itakuwa ya mawingu.

Mhariri alibaki na mikono juu ya kibodi, jasho linamtiririka. Simu ikaita, ilikuwa namba ngeni. Akakimbia nayo dirishani.

"Dada, naongea kwa simu ya jirani." Sauti ya mdogo wake ilikuwa inatetemeka, kitoto kinalia nyuma yake. "Mmekatiza katikati. Dereva wa lori kafanya nini?"

"Kavunjika mkono," mhariri alijibu, ndipo na yeye akaanza kulia.