Nusu ya Watachoka

Mbwa wa Germana aliitwa Watachoka, na kama umetoka mbali usicheke kwanza, maana jina lile hakupewa mbwa. Walipewa mashemeji. Mume wa Germana alipofariki, kaka zake wawili walianza kupita kila Jumapili baada ya misa, wakilipima shamba kwa hatua, wakisema mwanamke mwenye mtoto mmoja hawezi eka nne zinazopakana na msitu. Germana hakubishana nao. Alikwenda kwa jirani akaomba mtoto wa mbwa, akampa jina, na tangu siku ile mashemeji wakitokea tu njiani, yeye husimama mlangoni na kuita kwa sauti ya kwaya: "Watachoka! Watachoka we, njoo ule!" Kijiji kizima cha Ganako kilijua anayesemwa ni nani. Mwaka wa tatu wakachoka kweli, wasionekane tena.

Kwa hiyo mbwa yule alikuwa zaidi ya mbwa, ingawa Germana asingekubali kulisema hivyo mbele za watu. Miaka kumi na minne alilala kwenye mpaka wa mahindi. Nyani walimjua. Nguruwe pori mmoja alimpasua nyonga usiku wa masika, akarudi nyumbani anaburura mguu na bado ana manyoya ya nguruwe mdomoni. Hilary alipokuwa darasa la kwanza, asubuhi za ukungu ule wa kwetu ambao hata mkono wako huuoni, alikuwa anamshika Watachoka shingoni mpaka kwenye geti la shule. Mbwa anageuka, anarudi peke yake, anakuja kumwangalia Germana usoni kana kwamba anasema, nimemfikisha.

Sasa sikia jambo la kwetu, na ni la aibu. Mbwa kwetu haugui. Mbwa ama yupo, ama amekufa. Ng'ombe akikohoa mara moja, bwana mifugo anapigiwa simu. Mbuzi akichechemea, watu wanakusanyika kushauriana. Mbwa akichechemea anarushiwa jiwe ili aondoke njiani. Ukionekana unahangaika na mbwa, watasema mama huyu amekosa wajukuu, au mawazo yamemzidi. Germana alilijua hilo, akaliogopa kuliko alivyowahi kuwaogopa nyani na mashemeji wakijumlishwa pamoja.

Mwaka huu Juni ilipoingia na baridi yake, Watachoka alishindwa kuinuka. Miguu ya mbele inasimama, ya nyuma inabaki chini. Usiku alikuwa halii, anapumua tu kwa shida, na Germana ndani anamsikia. Asubuhi, kabla majirani hawajatoka, alimpitishia kanga chini ya tumbo, akamwinua nyuma kwa kanga ile, wakaenda hivyo wawili hadi mgombani akojoe. Alimkaangia chumvi kwenye sufuria, akaifunga kitambaani, akamkanda nyonga ikiwa ya moto. Alimpaka mafuta ya kondoo. Meno yalikuwa yameisha, akampondea makande kwa mwiko hadi yakawa uji. Yote haya mlango ukiwa umefungwa, kama mtu anayepika gongo.

Hilary alikuja mwishoni mwa Juni. Ni dereva wa watalii, kijana mzuri, shati la kaki na miwani kofiani, na kila akija ana habari za Kreta, lile bonde la wanyama la Ngorongoro. Safari hii alimsimulia mama yake simba mzee aliyekutana naye kule chini, dume, meno yamevunjika, hawezi hata kusimama kufukuza nzi. Wageni wake walisimama saa nzima kumtazama, mama mmoja akalia machozi mpaka akashindwa kula chakula cha mchana.

"Saa nzima?" Germana akauliza.

"Saa nzima, mama. Wazungu wana huruma na wanyama, acha tu."

Ndipo Watachoka akajaribu kutoka nyuma ya stoo kuja kumsalimia, akaanguka mlangoni. Hilary akamtazama. Akavua miwani kofiani, akaishika.

"Mama, huyu anateseka."

"Ninamwona."

"Kuna jamaa mjini anafanya hiyo kazi. Anampa kitu kwenye nyama, dakika tano, kwisha. Hata wewe utapumzika."

"Kitu gani?"

Hilary alikohoa. "Sumu, mama. Lakini ya haraka."

Eh! Germana alisimama, na magoti yale yake mabovu yakasimama naye. Alimtaja Mungu kwa Kiiraqw, jambo alifanyalo akiwa na hasira tu. "Huyu alikushika mkono ukiwa na kamasi puani! Simba wa watu unamsimamia saa nzima, huyu unampa dakika tano? Sikiliza, Hilary. Mtu mwenye roho ya kumpa huyu sumu, asije akala chakula katika nyumba hii. Awe mwanangu, awe nani. Umesikia?"

"Mama, mimi nilikuwa nasema kwa wema."

"Wema wako peleka Kreta."

Hilary aliacha sukari na mchele mezani, akaondoka bila kunywa chai. Julai ikapita hajaja.

Basi Germana akabaki na mbwa na maneno yake. Na maneno makubwa yana tabia hiyo, ukishayasema inabidi uyatafutie kazi. Alikuwa amekataa mbwa auawe. Sasa ilimpasa aonyeshe kwamba anaweza kuishi. Asubuhi moja, anameza kidonge chake cha magoti, kimojawapo cha vile vidogo anavyonunua duka la dawa la Zulfa mjini Karatu, wazo likamjia. Magoti yangu na nyonga zake, si mifupa ile ile? Mimi bila hiki siinuki kitandani. Yeye analala chini bila chochote. Akachukua kisu cha jikoni, akakipasua kidonge katikati. Nusu akameza. Nusu akaiviringishia ugali na maziwa, akampelekea.

Na hapa ndipo ningependa kukuambia kwamba haikusaidia. Ingekuwa afadhali. Lakini siku ya pili Watachoka alisimama mwenyewe. Siku ya tatu alitembea hadi kwenye mpaka wa mahindi, akamfokea nyani mmoja kwa sauti yake ya zamani, na Germana alikaa kwenye kigogo akalia kwa furaha, akijifuta na ile kanga ya kumwinulia. "Watachoka!" akaita kwa nguvu, hata bila kuwepo wa kuchokozwa. "Watachoka baba, njoo ule!" Alitamani Hilary awepo aone. Siku nne alisimama hivyo, na siku nne zile, ukimuuliza leo, ndizo zinazomuuma kuliko zote.

Kwa kuwa jioni magoti yalipouma alijiongezea nusu nyingine, vidonge vilikwisha mapema, akashuka mjini. Zulfa alimpokea vizuri kama kawaida yake.

"Shikamoo mama. Mbona mapema? Zile zilikuwa za kukufikisha mwisho wa mwezi."

"Marahaba. Magoti yamezidi, mwanangu. Baridi hii."

"Pole jamani. Ila usiongeze dozi mwenyewe, mama. Zinachubua tumbo hizi. Unakula kwanza?"

Kulikuwa na watu watatu nyuma yake kwenye foleni, mmoja wao mwanakwaya mwenzake, Penina. Neno lilimfika Germana mdomoni: ni za mbwa, mwanangu, zinamfaa mbwa? Akamfikiria Zulfa na ushungi wake, Mwislamu yule, akitajiwa mbwa kwenye kaunta safi ya dawa. Akamfikiria Penina na mdomo wake Jumapili. Akalimeza lile neno.

"Nakula kwanza," akasema. "Na ugali."

Wiki ya pili Watachoka alianza kuukataa uji wa makande. Akatapika povu. Kinyesi chake kikawa cheusi, kinanata kama lami mpya ya barabara ya geti la hifadhi. Germana alikifukia kwa jembe, akajiambia ni uzee, au amekula mzoga. Mbwa akarudi kulala chini, na safari hii hakuinua hata kichwa akiitwa. Maumivu yamerudi, Germana akasema. Nusu haimtoshi tena.

Basi, mwanamke huyu akafanya jambo ambalo angemfanyia mtoto wake wa kumzaa. Aliacha kumeza nusu yake. Kidonge kizima akampa mbwa. Asubuhi alishuka kitandani kwa kushika ukuta, kanisani hakupiga magoti, akakaa kwenye benchi watu wote wamepiga magoti, Penina akimtazama kwa pembeni. Vidole vya miguu vilivimba. Alijiambia, yeye alinilindia shamba miaka kumi na minne, mimi nashindwa kumvumilia wiki mbili? Na mbwa, ambaye hakuwa anakula kitu kingine chochote, tonge lile la ugali lenye kidonge alikuwa analipokea. Kwa sababu lilitoka mkononi mwake. Hebu fikiria hilo, halafu uniambie kuna nini cha haki hapa duniani.

Siku kumi hivyo.

Bwana mifugo alikuja Jumanne asubuhi kuchanja ng'ombe. Luqman jina lake, kijana mpole, ameletwa Karatu mwaka jana. Alimchanja ng'ombe, akanawa mikono, akauliza kile kitu kilicholala kwenye gunia nyuma ya stoo ni nini.

"Mbwa," Germana akasema haraka. "Mzee tu."

Luqman hakucheka. Alichuchumaa, akamfunua mdomo, akamkandamiza fizi kwa kidole. Fizi zilikuwa nyeupe kabisa. Akamgusa tumbo taratibu, Watachoka akanung'unika.

"Choo chake kikoje, mama?"

"Cheusi."

"Anakula nini?"

Ni mara ya kwanza mtu kumuuliza kuhusu mbwa yule kana kwamba ni mgonjwa. Moyo wa Germana ulifunguka wote. Akamweleza chumvi, kanga, mafuta ya kondoo. Akaingia ndani akatoka na karatasi ya vidonge, karibu atabasamu. "Na hizi. Mwanzoni tulikuwa tunagawana, nusu yake, nusu yangu. Sasa nampa kizima, mimi nimeacha."

Luqman aliipokea ile karatasi, akaisoma nyuma na mbele, ingawa alishaijua.

"Mama," akasema. "Hii ni diklofenaki. Kwa mtu ni dawa. Kwa mbwa, inamchoma tumbo, inamuua figo. Huo weusi ni damu."

"Lakini alisimama. Siku nne alisimama."

"Ndiyo. Maumivu yanatulia kwanza."

"Nusu tu nilimpa."

"Hata nusu, mama."

Ng'ombe alikuwa anacheua. Germana alitazama mkono wake wa kulia, ule wa tonge.

"Kwani hakuna ya mbwa?" akauliza hatimaye.

"Ipo. Si ya kumfanya kijana, lakini ya kumpunguzia ipo. Ninayo." Luqman aliinamisha kichwa. "Ungeuliza tu, mama. Kuuliza si ujinga. Mimi nimepanga chumba cha nyuma ya duka la Zulfa. Ungetaja neno mbwa pale kaunta, angeniita."

Laiti angemtukana. Germana alikaa chini kwenye majani, magoti yakigoma, akamvuta Watachoka kichwa chake mapajani. Luqman alimweleza kwamba figo zimekwenda, kwamba kinachobaki ni kumpumzisha, kwa sindano, bila maumivu. Akasubiri ruhusa. Germana alitikisa kichwa kukubali. Sindano ilipoingia, mbwa alimlamba kile kiganja, ulimi mkavu, akitafuta tonge lake la asubuhi.

Saa sita mchana alimpigia mwanawe.

"Hilary. Njoo uchimbe."

"Pole, mama. Amekufa?"

"Amepewa sumu."

Sauti ya gari la watalii ikasikika ikizimwa. "Na nani, mama? Mimi naapa sikumtuma mtu!"

"Na mimi. Kila asubuhi, kwa ugali."

Alikuja alasiri hiyo hiyo, akiwa amewaachia wageni wake dereva mwingine. Akachimba kwenye mpaka wa mahindi, shimo refu, mawe juu ili fisi wasifukue. Alipomaliza akasema, "Mama, hukujua."

"Ningeuliza ningejua. Niliona haya."

Germana alipika mchele ule ule alioletewa mwezi Juni, na kuku. Akamnawisha Hilary mikono, akampakulia sahani, akajipakulia na yake, akaiweka mbele yake, akakunja mikono.

"Kula basi, mama."

"Nilisema nini mimi katika nyumba hii?"

"Mama, hayo yalikuwa maneno ya hasira."

"Nilisema nini?"

Hilary alikula, kwa sababu mama alimwamuru ale, machozi yakidondoka kwenye wali. Alipomaliza, Germana aliinuka kwa kushika meza, akachukua sahani yake ambayo haikuguswa, akaukusanya wali katikati kwa vidole, akachambua mifupa akaitupa, akaenda nayo mpaka mlangoni. Akafungua mdomo aite. Hilary alimwona amesimama pale na ile sahani, mdomo wazi, akitazama nyuma ya stoo.