Kuua Betri kwa Uzi wa Katani

Harufu ya plastiki ya waya ikiungua hunipandisha hasira hadi leo. Jirani yangu fundi redio akianza kuchoma nyaya zake, nafunga dirisha, joto la Kilosa liniue humo humo ndani. Nilikuwa kidato cha nne, shule yetu ikiwa upande wa Chanzuru, na masika ile mwalimu wa fizikia alinichagua mimi peke yangu kwenda Mikumi kwenye usaili wa chuo cha ufundi umeme. Nikipita, ningesomeshwa hadi niwe fundi. Nikishindwa, baba alishasema narudi shambani, basi. Kwa hiyo kila jioni mvua ikikatika tulifanya mazoezi nyuma ya darasa, kwenye udongo mbichi. Shule haikuwa na betri, haikuwa na waya, haikuwa na mita. Mabunzi ya mahindi yalikuwa rizista zetu, vile vidude vya kuzuia umeme, nyuzi za katani zilikuwa waya, na jiwe lilikuwa betri. Kazi yenyewe ilikuwa kuchukua sakiti, yaani mzunguko wa umeme, iliyojaa mabunzi na kuifupisha mpaka ibaki betri moja na rizista moja tu, zinazofanya kazi ile ile ya vurugu lote lile. Niliipenda, jamani! Unapunguza hapa, unaunganisha pale, mara mbele yako limebaki jiwe moja na bunzi moja, na moyo unatulia.

Ili kuipata ile rizista moja, betri ilitakiwa kwanza iondolewe na mahali pake pawekwe waya mtupu. Mwalimu alikuwa akipaza sauti, "Ua betri!" nami nalaza uzi wa katani juu ya jiwe. "Jiwe liache hapo hapo, lisipotee," alisema kila mara, maana alikuwa ameliandika volti kwa chaki na hakutaka kuandika upya. Nikaliacha. Masika nzima nililiacha, mpaka vidole vyangu vikazoea kufanya hivyo bila kuniuliza.

Mikumi nilikuta mezani sakiti ya kweli, na betri ya kweli ya gari. Msimamizi, mama mmoja mwenye miwani, aliniambia nifupishe sakiti ile. Nikachukua waya, nikaulaza juu ya betri kama nilivyofundishwa, ncha hii huku na ncha hii kule. Lahaula! Cheche ziliruka, plastiki ikayeyukia kiganjani mwangu, moshi ukajaa chumba.

"We mtoto una wazimu?" yule mama alifoka. "Nani kakufundisha kupiga betri shoti?"

Mwalimu wangu, aliyenisindikiza, alikuwa amesimama mlangoni. Nilimtazama nikingoja aseme neno, nikiamini kabisa kwamba atalisema. Akalisema.

"Wasichana hawa, mama, ukiwaelekeza hawasikii."

Kwetu mtoto habishani na mwalimu wake, hasa mbele ya wageni. Tulirudi Kilosa kwenye basi moja, viti mbalimbali, na wiki ile ile nilikuwa naparua magugu shambani kwa baba, kiganja kimefungwa kitambaa. Nilimchukia mtu yule, na bado namchukia, ingawa nikikutana naye sokoni namwamkia shikamoo, naye anaitikia marahaba kama mtu asiyedaiwa chochote na mtu yeyote.

Siku hizi shule ile ina maabara, betri zimepangwa kabatini, na binti yangu anasoma hapo hapo, kwa mwalimu yule yule ambaye sasa ana mvi. Juzi alirudi anacheka hadi machozi.

"Mama, mwalimu katuvunja mbavu leo! Eti zamani kulikuwa na msichana mjinga, kaenda usaili Mikumi, kaipiga betri shoti kwa mkono wake mwenyewe!"

Nikaweka ungo chini, nikamfungulia kiganja changu chenye kovu.

"Ni mimi."

Kicheko kikamkauka. Akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa mama, kwa nini hukuitoa betri kwanza?"

"Kwa sababu siku ile, mwanangu, ndipo nilipoiona betri ya kweli kwa mara ya kwanza."