Mstari wa Masale

Mwaka ule nilikuwa nimeshafanya kazi nne London na kuziacha zote. Ya tano ilikuwa kumhudumia mzee mmoja wa Kihindi huko Stanmore, mzaliwa wa Moshi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Nilimwogesha, nikampikia uji, naye akanisimulia habari za shamba la baba yake.

Baba huyo alikuwa mlowezi. Serikali ya kikoloni ilimnyang'anya kipande cha shamba kando ya mto, ikidai si chake kwa kuwa hakikuwa na jiwe la mpaka. Yeye akashikilia kwamba mpaka upo. Akashindwa kesi. Mwanawe, huyu mzee wangu, siku hizo kijana, alimwita mwongo mbele ya watu. Hawakuzungumza tena mpaka baba akafa.

"Nataka kujua kabla sijafa," aliniambia. "Alidanganya au hakudanganya?"

Nikamkumbusha kwamba kabla ya baba yake ardhi ile ilikuwa ya babu zetu sisi Wachagga.

"Najua, bwana. Ndiyo maana nakutuma wewe."

Shule niliiacha darasa la sita, lakini makaratasi ya zamani hayajawahi kunichosha. Siku za mapumziko nikawa napanda treni hadi Kew, zinakotunzwa nyaraka za serikali. Kalamu ya wino hairuhusiwi mle; unashika penseli, unaletewa faili, unanyamaza. Safari ya tatu nikaipata ramani ya mpimaji wa serikali aliyelipima shamba lile. Kando ya mto alikuwa amechora mstari wa mimea yenye majani marefu, akaandika kwa Kiingereza kwamba ni mapambo ya bustani, na kwamba mpaka hakuuona.

Nilicheka hadi msimamizi wa chumba akanitazama. Mpimaji alikuwa amesimama juu ya mpaka huku akiutafuta. Yale yalikuwa masale. Kwetu majirani huyapanda pamoja mpakani, na yakishapandwa hakuna anayethubutu kuyang'oa. Mhindi asingeyapanda peke yake. Lazima jirani Mchagga alikubali.

Nilimpelekea mzee nakala ya ramani, nikamwonyesha mstari ule. Kisha akauliza kama naikumbuka kazi nyingine ya masale. Niliikumbuka. Mwenye kosa hulifunga jani fundo, akampelekea aliyekosewa kuomba msamaha, na huyo hana ruhusa ya kulikataa.

"Hapa London tutayapata wapi?"

Nilikuwa nimeyaona Stratford, kwenye duka la maua, yakiuzwa kama pambo la sebuleni. Jumamosi nikarudi na chungu cha masale mapajani, abiria wakinitazama njia nzima. Mzee alichuma jani mwenyewe. Fundo likamchukua muda, nami sikumsaidia. Akaliweka chini ya picha ya baba yake, akakaa. Halafu akaomba chai ya tangawizi, vikombe vitatu.