Haikuwa Salfa

Mimi ni Zainabu, mkulima wa Naipingo, mama wa Mwajuma na Athumani. Kazi yangu nyingine ni kupuliza salfa kwenye mikorosho ya watu, ule unga wa njano wa kukinga maua yasiingie ukungu. Mashine naibeba mgongoni mwenyewe. Wanaume walinicheka mwanzoni, baadaye wakaanza kuniita mashambani mwao. Nayasema haya mapema ili mtu asije akaniambia nilikuwa mgonjwa tangu zamani.

Msimu uliopita nilikwenda Nanganga kumpulizia kaka yangu Hamisi mikorosho yake. Salfa humkereketa kila mtu. Macho hutoa machozi, koo huwasha, jioni unakunywa maziwa, asubuhi umeshasahau. Kwa hiyo nilipoanza kukohoa, kaka akanichemshia maziwa, nami nikanywa.

Lakini salfa haileti homa ile. Mwili uliwaka, viungo vikauma, nikatetemeka chini ya blanketi na jua liko utosini. Kikohozi kilinikamua mpaka nikajikojolea mbele ya kaka yangu. Makohozi yakawa na rangi ya kutu. Siku niliyoshindwa kumalizia sentensi kwa kukosa pumzi, kaka alikodi gari akanikimbiza hospitali, Ruangwa mjini.

Daktari alinisikiliza mgongo, akaangalia kucha zangu zilizoanza kuwa za bluu. Kaka akawahi kumweleza habari ya salfa. Daktari akasema, "Salfa inakereketa, ni kweli. Lakini haya ni mafua mapya, ya kirusi kipya kinachoenea, na yameshashuka kwenye mapafu."

Niliwekewa mpira wa oksijeni puani. Nililala nimeegemezwa, maana nikilala chali nilikuwa kama nazama. Niliogopa kufa, tena sana. Kaka Hamisi hakubanduka. Alininywesha uji kwa kijiko na kunifuta jasho, na nisipolisema hilo nitakuwa mwongo. Nilipona taratibu, na hata baada ya kuruhusiwa, kuchota ndoo moja ya maji kulinitoa kijasho.

Nilipokuwa nimeanza kupata nguvu, mhudumu wa afya akapita Naipingo kutangaza chanjo ya mafua hayo kwa watoto. Maneno yakaanza. Wengine walisema imetengenezwa harakaharaka, wengine kwamba watoto watakuja kukosa kizazi. Mume wangu akasema tumsubiri mjomba wao, maana kwetu Wamwera mjomba ana neno zito juu ya watoto wa dada yake. Hamisi akaja, akaketi, akasema, "Hawachomwi. Ulichougua ni salfa ya shambani kwangu. Nilikuona kwa macho yangu."

Nilikasirika. Nikamuuliza, "Kaka, mikorosho yako huwa unasubiri maua yakauke ndipo upulize?" Nikaendelea, "Mti unaukinga mapema. Mtoto ndiye unamsubiri augue?"

Nikamwambia kama ana wasiwasi twende wote tukaulize. Akakataa. Basi nikawashika wanangu mikono, nikaenda, watu wakinitazama. Kule zahanati niliuliza kila kitu, hata hilo la kizazi. Nikajibiwa bila kufokewa kwamba chanjo haigusi kizazi, ila mkono unaweza kuuma na homa kidogo ikaja. Wakachomwa. Athumani alipata homa kweli, majirani wakanong'ona kwamba nimemmaliza mwanangu. Kesho yake alikuwa anacheza mpira, na hakuna aliyerudi kuninong'onea hilo.

Wazazi wenzangu, kuogopa si kosa. Ulizeni, tena waulizeni wanaojua, msiishie kwenye maneno ya kijiweni. Na kikohozi chenye homa na kubanwa pumzi msikitibu kwa maziwa kama tulivyofanya sisi, wahini hospitali. Namshukuru Mungu aliyenirudishia pumzi, na wauguzi walionigeuza kitandani bila kuninunia.

Kaka Hamisi haji tena kwangu. Anasema nimemvunjia heshima, nimemnyang'anya wapwa zake. Nakupenda, kaka, na deni lako la uji ule siwezi kulilipa. Lakini radhi kwa hili siombi, leo wala kesho. Sijakunyang'anya watoto. Nimekutunzia.