Mtini wa Ersilia Haujasimama Baridini Hata Mara Moja

"Samahani, mama, huyo mliyemzika hapo ni nani?"

Lorne Hatcher aliuliza hivyo asubuhi moja ya Novemba, miaka thelathini na moja iliyopita, kidevu chake kikiwa juu ya uzio na kikombe cha kahawa mkononi. Alikuwa na wiki mbili tu tangu ahamie mtaa ule wa nyumba za matofali, kule Hamilton, mji wa theluji. Aliona tuta la urefu wa mtu mzima, limefunikwa mbao kuukuu na zulia bovu la ngazini, na pembeni mume na mke wakijipangusa udongo. Hakuwa akitania. Uso ulikuwa umempauka.

"Mama mkwe," alijibu Nunzio, mume wa Ersilia, akacheka mpaka akakaa chini.

Ersilia hakucheka. Alimtazama jirani yule kutoka utosini mpaka uzio ulipomkata kidevuni, akasonya, akamwambia mumewe kwa lugha ya kwao, "Mtu mzima na ndevu zake, hajui kwamba mtini unalazwa." Tangu siku hiyo alimtia Lorne kwenye fungu la wasiofaa, na hakumtoa.

Fungu hilo lilikuwa na watu wengi. Walikuwamo wanaonunua nyanya mwezi wa Januari, wanaochemsha makaroni mpaka yawe uji, na wanaoingia misani wakati wa komunyo kama watu waliopita kuuliza njia. Lakini Lorne alikaa juu yao wote kwa sababu ya nyasi zake.

"Analima nyasi," Ersilia aliwasimulia wanawake wenzake baada ya rozari. "Anazimwagilia maji. Anazitilia mbolea. Zikiota anazikata anazitupa. Hata mbuzi hana!"

Na majani ya miti je? Kila vuli Lorne aliyakusanya kwa ile mashine yake ya kupuliza, yenye kelele za kumwamsha maiti, akayajaza kwenye mifuko ya karatasi ili lori la takataka liyachukue. Mwenyezi Mungu amemwangushia mtu blanketi mpaka mlangoni, naye anaita lori! Basi alfajiri Ersilia alitoka na koti juu ya nguo ya kulalia, akaiburuta mifuko sita, saba, mpaka kwake. Wala hakuona ni wizi. Tena miaka ya karibuni yule bwana alizidi kupumbaa. Hata pa kuweka takataka zake hapajui, anazirundika mbele ya geti la mwenzake.

Majani hayo yalikuwa ya kufunikia mtini. Nunzio alipata kipande chake kwa mtu wa kijiji chao aliyefanya naye kazi kwenye kiwanda cha chuma, na kikawa mti wenye kujaza ndoo nne za tini kila Septemba. Lakini mtini si mti wa theluji. Majani yake yakishapukutika, matawi hukusanywa yakafungwa kamba. Halafu mizizi ya upande wa nyumba hukatwa kwa beleshi, na mti husukumwa polepole mpaka ulale ndani ya handaki upande wa uzio. Mizizi ya upande wa uzio haiguswi kamwe. Hiyo ndiyo bawaba, na ndiyo uhai. Kisha huwekwa mbao, majani, zulia na udongo, na mti hutulia humo mpaka Pasaka inapokaribia. Ukifukuliwa, Ersilia hufanya ishara ya msalaba kabla ya kufungua kamba.

Nunzio alipofariki, kazi ikamwangukia mwana wao Silvio, ambaye kazi yake ni kukaa mbele ya kompyuta akizungumza na watu asioonana nao. Vuli iliyopita alikuja na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, shambani! Simu mkono mmoja, beleshi mkono mwingine, akatazama video ya mtu fulani, na Ersilia alipotoka jikoni na kahawa akakuta mizizi ya upande wa uzio imekwisha kukatwa. Kiangazi kilichofuata mti mzima ulitoa tini kumi na moja. Ersilia alizihesabu kwa sababu zilihesabika. Nusu ya matawi yalikauka. Mizizi ilianza tu kushika tena, na ni wazi kwamba ukikatwa vibaya mara ya pili, au ukiachwa wima kwenye baridi, hakutakuwa na mtini tena.

Mwaka huu Ersilia ana miaka sabini na tisa na nyonga mbovu. Mavuno aliyamaliza kwa ukaidi. Nyanya za kijani alizifunga moja moja kwenye magazeti, akazipanga chini ya nyumba ziive taratibu. Pilipili alizitunga uzi, maharage akayapukuchua. Mapeasi aliyaangua kwa fimbo, huku akiyatukana yaliyo juu. Mboga chungu aliiacha, maana baridi huipa utamu. Kitunguu saumu alikipanda akiwa amekalia ndoo iliyofudikizwa, punje sita, anaisogeza ndoo, punje sita nyingine. Kukabaki mtini.

"Mama, tuufunge nailoni tu, kama watu wengine," Silvio alisema kwenye simu.

"Watu wengine gani?"

"Kuna video..."

"Huyo wa kwenye video mwambie aje yeye. Atakuwa na viatu vya maana."

"Mama, ni mti tu. Nitakununulia mwingine wa kwenye chungu. Baridi ikija unauingiza gereji."

"Gereji! Kwani ni gari?"

"Basi nakuja Jumapili."

"Jumamosi usiku joto linashuka nyuzi tisa chini ya sifuri. Jumapili utakuja kuona maiti."

"Kabla ya hapo siwezi, Mama."

"Basi usije."

Alhamisi akaanza mwenyewe. Kamba alizifunga vizuri. Beleshi alilikanyaga mara moja, mara mbili. Mara ya tatu nyonga ikamwachia, akajikuta amekaa juu ya tuta la kitunguu saumu. Akaanza Salamu Maria, ya kwanza akaimaliza, ya pili akaikatiza kumtukana Silvio, akaomba msamaha, akaanza upya. Ng'ambo ya uzio ile mashine ilikuwa ikinguruma. Ghafla ikanyamaza, na kile kidevu kikatokea, siku hizi kina ndevu nyeupe.

"Bibi Ersilia, umeanguka?"

"Nimekaa."

"Juu ya kitunguu saumu?"

"Nani kakwambia ni kitunguu saumu?"

"Mwaka mmoja unapanda hapo, mwaka mmoja kule kwenye mapipa. Huu ni mwaka wa hapo."

Ersilia akabetua midomo. Mtu hana kazi, anachungulia tu.

"Unaulaza peke yako?" Lorne akauliza.

"Unaniona na jeshi?"

"Mwanao..."

"Mwanangu usimtaje."

"Mwaka jana alikata upande wangu, wa uzio. Nilimwona kupitia dirishani."

Ersilia akageuka mzima mzima, nyonga na yote. "Uliona ukanyamaza?"

"Mwaka ule nilipokuuliza habari za maharage uliniambia nitazame nyasi zangu."

"Na ukatii! Siku moja ya kutotii ndiyo hukuiona!"

Lorne akajikuna ndevu. Hakukasirika, na hilo nalo lilimuudhi Ersilia. Mtu anatukanwa, anasimama tu kama kabichi.

"Haya, mwenye macho," akasema, "unakatwa upande upi?"

"Wa nyumba. Unachimba mbali kidogo na shina, unakata, mnausukuma huku kwangu. Bwana Nunzio alikuwa akitia goti."

Ersilia alitafuta kosa. Alilitafuta kwa uangalifu, kama anavyotafuta jiwe kwenye dengu, asilione. Hilo lilimuuma kuliko nyonga.

"Na majani?" akauliza.

"Mifuko saba nimeshaiweka getini kwako. Nimeilegeza kamba, maana mwaka jana ulihangaika nazo."

Pale pale Ersilia akaona haya, akayameza. Akajiinua kwa mpini wa beleshi, pole pole, na Lorne alipotaka kuruka uzio kumsaidia akamzuia kwa kiganja. Akazitazama zile nyasi zilizokatwa kama kichwa cha mwanajeshi, na mikono ile isiyowahi kuvuna hata bamia. Kisha akautazama mti ulivyosimama umefungwa, na jua la saa kumi limeshapoteza joto.

"Kesho saa mbili asubuhi njoo na beleshi lako," akasema. "Hiyo mashine ya kelele iache huko huko. Na upande wa uzio usiuguse."