Seva Haibishi Hodi

Mke wangu Froukje ni mbishi. Akishaamua jambo, ulie machozi ya damu, habadiliki.

Yeye ndiye anayeendesha tovuti ya chama cha barafu cha kijiji chetu, hapa Friesland, kaskazini mwa Uholanzi. Mfereji ukiganda, watu huifungua simuni hata kabla ya kahawa, kujua kama kuna kuteleza kwa viatu vya vyuma au la. Mwaka jana waliifungua kwa mpigo, seva ikazidiwa, ikanyamaza. Walimsema, wakamsema! Msimu huu akaapa hayatokei tena. Kila kivinjari cha simu kilichobisha hodi asubuhi, seva ilikijibu: shika nakala hii, kaa nayo hadi jioni, usirudi kuuliza. Na ukurasa ulisema barafu ni nzima njia yote.

Tovuti haikutetereka. Froukje alijisikia, akawa anaimba jikoni huku nikikoroga supu ya njegere.

Adhuhuri akapiga simu Sietse, mkaguzi wa barafu. Upepo umegeuka, chini ya daraja letu barafu imeoza.

Froukje akabadilisha ukurasa papo hapo. Nikafungua simu yangu. Bado nzima, njia yote.

"Mbona hujabadilisha?"

"Nimebadilisha." Kisha uso ukamsawijika. "Mungu wangu. Simu zenu haziulizi tena."

"Si uiambie seva iziambie!"

"Gosse, seva haibishi hodi kwa mtu! Ikiulizwa inajibu, basi. Na mimi ndiye niliyezikataza kuuliza."

Baba yake, mzee Oene, alikuwa njiani kutoka kijiji cha pili. Mzee yule haamini redio wala jirani, anaamini ukurasa wa binti yake tu, na akishavaa viatu vya barafu hapokei simu. Tulimpigia. Hakupokea.

Nikaanza kufoka, najijua. "Bora ungeiacha ife kama mwaka jana!"

"Utanilaumu jioni. Sasa ondoka kwenye zulia."

Zulia la marehemu mama yangu! Alisukuma meza, akalikunja, akalikokota nje. Ningefanyaje? Nikashika upande wa pili. Kwetu barafu ikiharibika chini ya daraja, hutandikwa zulia ukingoni, watu wakapita nchi kavu na vyuma vyao miguuni, wakashuka ng'ambo. Tukalitandika. Kisha Froukje akashuka barafuni, akasimama mbele ya daraja, mikono kaitanua.

"Mama, toka njiani! Simu inasema nzima!" watelezaji wa kwanza wakamfokea.

"Hayo ya simuni nimeyaandika mimi! Pandeni zuliani!"

Walimcheka, lakini walipanda. Ndipo mzee Oene akatokea, kichwa chini, mikono mgongoni, mbio. Nilipiga kelele. Hakusikia. Froukje hakusogea hata kidogo. Mzee akamvaa, wakaanguka wote wawili, barafu ikalia chini yao.

"Una wazimu? Si umeandika nzima!"

"Nimekosea, baba."

Mzee akatazama chini ya daraja. Maji yalikuwa yanacheza wazi. Alipanda ukingoni kwa magoti, akafika zuliani, akalipapasa.

"Hili si la mama yake Gosse?"

"Ndilo," nikamjibu.

Nilimsihi Froukje arudi nyumbani. Akakataa. Alikuwa ameziambia simu zote zikae na uongo ule hadi jioni, kwa hiyo na yeye akakaa pale hadi jioni. Supu nilimpelekea barafuni.